Rivyu: mfuko wa Uingereza wa kuzuia vita nje ya nchi, huduma ninayoilipia kila mwezi bila kuiona

Kawaida yangu nakagua vitu vya kushikika, simu, blenda, kampuni za kutuma hela nyumbani, na wanaonijua wanajua kazi yangu kubwa ni kulalamikia makato. Safari hii nakagua kitu ambacho nakilipia kila mwezi, sijawahi kukishika, sijawahi kupewa hata karatasi ya maelekezo, na nikikuuliza wewe unayefanya kazi huku Uingereza kama unajua na wewe unakilipia najua utaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Iko hivi. Huku kodi inakatwa juu kwa juu kabla hela haijagusa akaunti, halafu kuna mchanganuo wa mwaka ambao HMRC, watu wa kodi wa huku, wanakuwekea, hela yako imeenda wapi na wapi. Unaanza na ustawi wa jamii, afya, pensheni za wazee, riba ya deni la taifa, elimu, ulinzi, unashuka, unashuka, mpaka kule chini karibu na mwisho unakuta kamstari kembamba, misaada ya nje. Ndani ya hako kamstari, bila kuandikwa popote, kuna hela inayoenda kuzuia watu wasipigane kwenye nchi ambazo walipaji wengi hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Na nyingine haimo hata humo, inapitia mafungu ya usalama na ulinzi. Nikasema ngoja, kama nailipia basi ni huduma, na kama ni huduma nina haki ya kuitolea maneno.

Kwanza jina, maana hapo tu nilipoteza nusu siku. Ilianza 2001 enzi za waziri mkuu Blair, ikawa mifuko miwili, mmoja wa Afrika na mwingine wa dunia iliyobaki, wazo lilikuwa wizara tatu, Mambo ya Nje, Ulinzi na ile ya maendeleo ya kimataifa iliyokuwa inaitwa DFID, ziache kununiana zitie hela kwenye chungu kimoja zipange pamoja. Wazo zuri, sina ubishi, kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa mwanajeshi anafundisha jeshi la nchi fulani, balozi anawagombeza viongozi wa nchi hiyohiyo, na mtu wa maendeleo anajenga shule, wote watatu wa serikali moja na hakuna anayemwambia mwenzake. Baadaye ile mifuko ikaunganishwa ikaitwa Conflict Pool. Aprili 2015 ikavishwa suti mpya, Conflict, Stability and Security Fund, watu wanafupisha CSSF, bajeti ya mwaka wa kwanza ikavuka pauni bilioni 1. Aprili 2024 CSSF ikafungwa ikazaliwa Integrated Security Fund, na hii mpya inashughulikia mpaka mambo ya usalama ndani ya Uingereza kwenyewe. Sasa mgahawa ukibadilisha bango mara zote hizo na wapishi ni walewale, wewe mteja utafikiriaje? Mimi nafikiria kuna mtu alikasirikia chakula wakaona bora wapake rangi ukuta.

Haya tufungue kifurushi. Cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba ule mwaka wa kwanza wa CSSF karibu nusu ya hela ilikuwa haina maamuzi yoyote ndani yake, ni michango ya kulinda amani, hasa ada ya lazima ambayo Uingereza inadaiwa kama mwanachama wa Umoja wa Mataifa, yaani helmeti za bluu. Sisemi ni hela mbaya. Ila ukiniambia umenunua mfuko wa bilioni 1 wa kuzuia vita, halafu nusu yake ni ada ya uanachama ambayo ungelipa hata kama mfuko usingekuwepo, basi umeninunulia mfuko wa nusu bilioni na ukaandika bilioni kwenye boksi. Wauza simu za memori ya kuchonga wanafanya hivyohivyo.

Nusu iliyobaki ndo yenye nyama, na hapo kuna kila kitu: kutegua mabomu ya kutegwa ardhini, kufundisha polisi na majeshi ya mpakani, kulipia watu wa usuluhishi wanaokaa vikao vya siri vya miezi na miezi, kamati za amani vijijini, redio za jamii, kusaidia Colombia kutekeleza mkataba wa 2016 kati ya serikali na waasi wa FARC, kule Syria wale waokoaji wa kofia nyeupe waliokuwa wanafukua watu kwenye vifusi nao walipata fungu lao. Kwa hiyo ukisikia mtu anausifu mfuko au anautukana muulize kwanza anaongelea chumba kipi cha hiyo nyumba, maana vyumba ni vingi na havifanani usafi.

Shida kubwa ya kukagua bidhaa hii ni kwamba ikifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea. Kweli kabisa. Blenda ikifanya kazi unapata juisi. Hii ikifanya kazi unapata siku ya Jumanne ya kawaida, watu wameenda sokoni wamerudi, hakuna mwandishi wa habari, hakuna picha. Ukitaka kuona ugumu wake angalia Macedonia, kanchi kaliokatoka Yugoslavia na sasa kanaitwa Macedonia Kaskazini. Desemba 1992 Bosnia inaungua jirani, Baraza la Usalama likaamua kupeleka walinda amani Macedonia kabla ya vita kufika, ilikuwa mara ya kwanza Umoja wa Mataifa unafanya hivyo, wanajeshi kama 1,000 hivi wanakaa mpakani wanaangalia. Miaka 6 nchi haijaingia vitani, pande zote inaungua Yugoslavia. Januari 1999 Macedonia ikaitambua Taiwan, Februari China, ambayo inasema Taiwan ni yake, ikapiga kura ya veto kuzuia kuongezwa muda kwa wale wanajeshi, wakafunga mabegi wakaondoka. 2001 mapigano yakazuka, serikali na waasi wa Kialbania. Sasa hapo utasema kuondoka kwao ndo kulileta mapigano? Sithubutu, katikati hapo kulikuwa na vita vya Kosovo na wakimbizi wamejaa mpaka pomoni. Lakini utasema walikuwa hawana kazi ile miaka yote? Hapo nako sithubutu. Ndo maana waziri yeyote anayetaka kukata bajeti anaanzia hapa, hakuna mgonjwa atakayeandamana kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuupata.

Nitoke kwenye makaratasi niwape nilichokiona kwa macho yangu, maana kukagua bila kuonja ni umbea.

Niliwahi kuchukuliwa kama mkalimani kwenye mradi mmoja wa amani, mji mdogo wa mpakani kaskazini mwa Kenya. Mfadhili simtaji, nchi yake siitaji, na tafadhali msianze kubahatisha. Semina ya siku tatu, ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, bango ukutani lina nembo nyingi kuliko maneno. Washiriki wazee wa koo, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, chifu mmoja na naibu wake. Mwaka wa fedha wa mfadhili ulikuwa unakaribia kwisha na hela haijaisha, kwa hiyo semina ilipangwa haraka haraka, na katika haraka hiyo hakuna aliyeangalia kalenda: tulikuwa katikati ya Ramadhani. Mji mzima umefunga. Na kwenye mkataba na hoteli kuna chai ya saa nne na chakula cha mchana cha watu 40, kimeshalipiwa.

Kikapikwa. Wallahi kilipikwa, harufu ya pilau inaingia ukumbini saa sita na nusu, wazee wamekaa kimya midomo imekauka wanasikiliza habari za mti wa mgogoro. Mratibu, dada mmoja mchapakazi sana na hakuwa na kosa lolote, akawapigia watu wa fedha kuuliza kama kile chakula kinaweza kusogezwa kikawa futari. Wakamjibu bajeti imeandikwa chakula cha mchana, futari haimo, na tena mahudhurio ya chakula yasainiwe kabla ya saa nane. Basi watu 32 waliofunga wakapanga foleni kusaini kwamba wamekula.

Huo mti wa mgogoro kama hujawahi kuuona ni mchoro, mizizi ndo vyanzo, shina ni tatizo lenyewe, matawi ni madhara. Si chombo kibaya, nimeona mahali kimesaidia watu kuongea. Mkufunzi akauchora vizuri kwa maka peni tatu, akamaliza akauliza kama kuna swali. Mzee mmoja aliyekuwa na fimbo, sauti ya chini kabisa, akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno, "Mwanangu, nimeona mizizi, nimeona matawi. Kisima umekiweka wapi?" Kimya. Ugomvi wote wa pale ulikuwa kisima kimoja na zamu za kunywesha, kila mtu mle ndani anajua, isipokuwa ule mchoro.

Siku ya pili, katikati ya zoezi la makundi, simu ya yule mzee ikatetemeka, akatoka nje, nikamfuata kwa sababu na mimi nilikuwa natafuta kisingizio cha kutoka. Ngamia 11 wamechukuliwa alfajiri, vijana wenye ngamia wameanza kukusanyana. Mzee anataka kupiga simu, salio hana. Akaniangalia, "Kijana wangu, una chochote kwenye simu?" Nikamsambazia shilingi 50. Akapiga simu tatu. Ya kwanza kwa mzee mwenzake wa upande wa pili, wakasalimiana kama dakika nzima, watoto, mvua, afya ya miguu, ndo wakafika kwenye ngamia. Ya pili kwa mama mmoja anayeuza maziwa kituo cha magari ambaye kwa maelezo ya mzee anajua kila mtu aliyepita usiku. Ya tatu kwa kijana mwenye pikipiki akawaambie wale wanaokusanyana wasubiri mpaka magharibi, kwa heshima yake yeye. Jioni tukafuturu na habari kwamba ngamia wameonekana. Kesho yake kabla ya chai ambayo hakuna atakayeinywa walirudi 10, wa 11 wakakubaliana fidia. Hakuna aliyekufa.

Ripoti ya mradi nimeiona, niliitafsiri mimi. Imeandikwa washiriki 32 wamejengewa uwezo wa uchambuzi wa migogoro. Ngamia hawamo. Nilimuuliza mratibu kwa utani zile shilingi 50 zangu nazidai wapi, akacheka akasema hazina risiti, halafu akaacha kucheka akaniambia ameomba mara mbili waweke fungu dogo la salio na mafuta ya pikipiki kwa kamati ya wazee na mara mbili amejibiwa haliingii kwenye kipengele chochote.

Kwa hiyo mtu akiniambia hizi programu ni upuuzi mtupu namkatalia, nimeona ngamia wanarudi. Na mtu akiniambia hela inatumika vizuri namkatalia pia, nimesikia harufu ya ile pilau.

Na wala si kwamba hii ya salio na maziwa ni bahati ya siku moja. Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zinauana, ukame juu yake, ilianza na akina mama wachache, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi, wakaanzia sokoni: mama wa ukoo wowote auze na anunue bila kubaguliwa, akizuiliwa kuna kamati ya wanawake inafika palepale. Wakawavuta wazee, wakawavuta vijana, wakawavuta maofisa wa serikali, mpaka 1995 ikawa kamati rasmi ya amani na maendeleo ya Wajir, na mfano huo ndo ukaja kuigwa kwenye kamati za amani za wilaya sehemu nyingi za Kenya. Dekha akapewa tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011, Mungu amrehemu. Hela za nje zilikuja baadaye, nazo zilisaidia, usafiri si bure na mikutano si bure. Ila angalia mpangilio: watu kwanza, hela baadaye, kidogo kidogo, miaka mingi. Wanunuzi wengi wa huduma hii wanapenda kuinunua kinyumenyume, hela kwanza, nyingi, haraka, halafu watafutwe watu wa kuipokea.

Sasa bei, maana rivyu bila bei ni shairi. Bilioni 1 ya pauni kwa mwaka inasikika hela nyingi sana mpaka uiweke karibu na ndugu zake. Operesheni za kijeshi za Uingereza Afghanistan peke yake zilimeza zaidi ya pauni bilioni 20, na wanajeshi 457 hawakurudi hai, achilia mbali Waafghani ambao hesabu yao hainihusu kuifupisha kwenye sentensi moja. Dunia nzima 2024 ilitumia kwenye majeshi dola trilioni 2.7 kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Stockholm. Kwa hiyo kwenye hilo duka, rafu ya kuzuia ni ile ya karibu na kaunta yenye pipi na viberiti.

Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa 2018 walitoa utafiti wao, wakasema kuzuia kungeokoa kati ya dola bilioni 5 na bilioni 70 kila mwaka. Nilivyosoma nikacheka peke yangu kwenye basi. Kati ya 5 na 70! Fundi akikuambia friji lako litatengenezwa kwa kati ya elfu 5 na elfu 70 utamuamini? Lakini nikikaa nikafikiria naona wamekuwa wakweli tu, nani anayeweza kukupa bei kamili ya vita ambavyo havijapiganwa. Na hata hiyo 5 ya chini ni faida, hata namba yao mbaya kuliko zote bado inasema nunua.

Wote tunaujua ule msemo wa ufa na ukuta, tumeuimba shuleni. Ambacho msemo haukusema ni kwamba fundi wa ukuta analipwa hela nyingi na anakata utepe mbele ya kamera, fundi wa ufa analipwa kwa mkataba wa miezi 12 na kila mwaka anaandika upya barua ya kuomba kazi.

Huduma kwa wateja: hapa ndo nakasirika. Februari 2017 kamati ya pamoja ya bunge lao inayoangalia mkakati wa usalama wa taifa ilikaa ikaichunguza CSSF ikalalamika kwamba uwazi hakuna, yaani wabunge wenyewe wanashindwa kuona hela zimefanya nini. Kabla ya hapo, 2012, ile tume huru ya kukagua misaada, ICAI, ilikuwa imeipa Conflict Pool rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, kwa mfumo wao huo ni mtoto aliyefeli ila hajafukuzwa. Wakabadilisha jina. Machi 2018 ICAI hiyohiyo ikaikagua CSSF, rangi? Chungwa inayoelekea nyekundu. Jina jipya, madaftari mapya, maksi zilezile. Najua mengine hayawezi kuwekwa hadharani, huwezi kubandika kwenye tovuti jina la mtu anayepeleka ujumbe kati ya kundi la waasi na serikali, ataokotwa mtoni. Hilo nalielewa. Lakini siri ya kulinda mtu na siri ya kuficha kwamba semina ilifanyika Ramadhani ni siri mbili tofauti, na mteja akiwekewa zote kwenye boksi moja anakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na gunia likichanika hadharani linachanika vibaya. Desemba 2017 BBC ilirusha kipindi kuhusu mradi wa polisi wa jamii kwenye maeneo ya waasi Syria, wakidai sehemu ya hela imefika kwa watu wenye siasa kali. Serikali ikasimamisha malipo kwa muda, waendeshaji wa mradi wakakanusha. Mimi siwezi kuwa hakimu wa hilo. Ninachojua ni kwamba ukifanya kazi sehemu zenye bunduki, kuna siku hela itapita mkono mchafu, na kama ulikuwa hujawaambia wanaokulipa hivyo mapema, siku hiyo hawatakuelewa.

Chumba cha majeshi na polisi kwenye hii nyumba ndo kinaniacha na wasiwasi zaidi. Mafunzo ya vikosi yanaweza kusaidia kweli, askari anayejua sheria ni bora kuliko asiyejua. Lakini unaweza pia kumnoa panga mtu ambaye shida ya wananchi ni yeye. Kwa kuwa ripoti nyingi zinahesabu askari wangapi wamefundishwa, siyo raia wangapi wameacha kuwaogopa hao askari, mnunuzi hajui amenunua kipi.

Niliangalia na sokoni kuna washindani gani. Marekani ilikuwa na bidhaa iliyonivutia, sheria ya Desemba 2019 inaitwa Global Fragility Act, iliyosema wazi huu mpango ni wa miaka 10 kwa kila nchi, siyo wa miezi 12, na iliruhusu mpaka dola milioni 200 kwa mwaka kwenye mfuko wake. 2022 wakachagua Haiti, Libya, Msumbiji, Papua New Guinea na nchi tano za pwani ya Afrika Magharibi. Kwenye karatasi hii ndo ilikuwa simu bora dukani. Halafu 2025 USAID, shirika lao la misaada, ambayo ndo ingebeba mzigo mwingi wa kazi ikavunjwa, Julai 1 ikawa imeisha kabisa. Simu bora, chaja hakuna.

Na hapo Msumbiji wacha nisimame kidogo. Vita vya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini kabisa, vilianza Oktoba 2017, watu wachache wakavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, mji ambao toka hapo mpaka mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania siyo safari ya kuifungia begi. Kabla ya hapo mashehe wa huko walikuwa wameshapiga kelele kuhusu kikundi cha vijana kinachowakataa wazee na kuingia msikitini na viatu. Vijana hawana kazi, rubi imegunduliwa, gesi imegunduliwa, wao wanaangalia magari yanapita. Moshi ulikuwepo. Ufa ulikuwa unaingia mkono. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, mwezi uliofuata kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies wakasimamisha mradi wa gesi wa dola bilioni 20, watu karibu milioni 1 walifika kuwa wamehama makwao, majeshi ya Rwanda na ya SADC yakaingia. Ukilinganisha hiyo bili na gharama ya kuwasikiliza wale mashehe mapema wakiwa bado wanaongea, hata mimi mlalamikaji wa makato nazima kelele.

Upande wa Uingereza kwenyewe kifurushi kinapungua. Misaada ilikuwa asilimia 0.7 ya pato la taifa, wakaiweka mpaka kwenye sheria 2015, 2021 wakaishusha kuwa 0.5, Februari 2025 Starmer akiwa waziri mkuu akatangaza itafika 0.3 ifikapo 2027 ili hela iende ulinzini. DFID yenyewe ilishamezwa na Mambo ya Nje toka 2020. Uamuzi una mantiki yake, Urusi iko mlangoni kwao na mimi siishi mwezini. Ila kitu ambacho sikipendi ni kukata halafu unabaki na majengo na makonsaltanti, unachokata ni kale kafungu ka pikipiki, kwa sababu ni kadogo na hakana mtu wa kukatetea kwenye mkutano.

Nyota basi. Watu wa chini wanaofanya kazi yenyewe, wazee, akina mama wa maziwa, waratibu wanaobembeleza idara za fedha, wategua mabomu, wasuluhishi wasiojulikana majina, nyota 5 na chenji mbaki nayo. Vifungashio, majina, semina za mwisho wa mwaka wa fedha, nyota 1, na hiyo 1 ni ya pilau, ilikuwa nzuri, niliionja usiku baada ya mlinzi wa hoteli kuitoa jikoni kwa mlango wa nyuma. Jumla nyota 3 kwa shingo upande. Je, nitaendelea kulipia? Kwanza sina uchaguzi, inakatwa. Lakini hata ningekuwa na kitufe cha kujiondoa nisingekibonyeza, ningetafuta kitufe cha kubadilisha kifurushi: hela ndogo, miaka 10, na salio liwe kipengele.

Yule mzee wa fimbo bado ananibipu mara mojamoja. Mwezi uliopita nikampigia, tukaanza na watoto, mvua, afya ya miguu. Mradi ulishafungwa zamani, ofisi ile sasa ni duka la magodoro. Kisima kina zamu mpya, akasema, asubuhi wao, jioni wale wengine, Ijumaa yeyote anayewahi. Nikamuuliza zamu hizo alizipanga nani, akasema walikaa tu. Halafu akaniuliza kama huku niliko inawezekana kusambaza salio.